Kamba za Nafuna

Oluoch alivaa tai kwenda kazini, ingawa kazi yenyewe ilikuwa hatua nne tu kutoka kitandani. Kila siku ya zamu, ikifika saa tano asubuhi, alijinyoa mbele ya kioo kilichoegemezwa kwenye nondo za dirisha, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akafunga tai ya buluu, kisha akasukuma kiti chake cha magurudumu hadi kwenye meza yenye kompyuta na glasi ya maji moto. Watu aliozungumza nao walikuwa katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mji wa vilima na manyunyu, na hakuna hata mmoja aliyepata kumwona. Walitaka teksi. Yeye huku Mwihoko aliwatafutia dereva, akawaambia gari liko umbali gani, akawatakia safari njema. Kazini jina lake lilikuwa Oliver.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyepiga kila Jumanne, saa saba na robo kwa saa za Kenya, apelekwe kwa daktari wa miguu. Alimwita mpenzi, kama wazee wa huko wanavyomwita kila mtu, hata muuza mkate. Mara ya kwanza Oluoch aligeuka kuangalia kama mkewe amesikia.

"Mama Cindy," alimwambia jioni hiyo, "nimepata mpango wa kando. Ana miaka themanini na mbili."

"Basi ahamie," Nafuna alijibu akimenya viazi. "Aje apike."

Vicheko vya namna hiyo havikuwa vimesikika chumbani mwao kwa miaka minne. Zamani Oluoch alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Thika, na Jumamosi alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu wa kuitwa kutoka Landless hadi Gatundu kwa sababu ya sauti yake. Kisha siku moja marobota yaliyopangwa juu ya kichwa chake yakaporomoka. Miguu ikafa. Sauti ikabaki, ila hakuwa na wa kumwambia neno. Aliutazama ukuta. Cindy, binti yao, alipofunga shule na kurudi nyumbani, alizungumza na mama yake kwa kunong'ona, kana kwamba mlikuwa na mgonjwa mahututi. Hata Nafuna alianza kusahau kuwa mtu aliyekuwa akimwogesha ndiye yule aliyewahi kuchekesha uwanja mzima wa watu mpaka bwana harusi akaangusha keki.

Sasa alikuwa anajinyoa tena, na tai alikuwa anafunga mwenyewe.

Nafuna ndiye aliyemvutia laini ya intaneti. Alikuwa fundi wa kebo, wa kampuni ndogo iliyoitwa Ndarugu Kebo, na chumba cha mitambo kilikuwa Thika, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, karibu na njia ya kuingia Landless. Alikuja mjini akiwa na miaka ishirini na moja kutoka Chwele, akaajiriwa kupokea simu za watu waliolalamika kwamba televisheni haionyeshi. Siku moja fundi hakufika, simu zikazidi, naye akachukua ngazi akaenda. Tangu siku hiyo alikuwa amepanda nguzo nyingi kuliko mwanamume yeyote wa kampuni ile, na makovu ya mikononi mwake aliyajua kwa majina ya mitaa.

Mtambo wa Thika ulikuwa na kipimo kimoja ambacho wateja hawakukijua, nacho ndicho kilichoyashika maisha ya nyumba yake. Nafuna alikieleza kwa mayai, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyokielewa.

"Chukua kuku kumi," alimwambia Oluoch. "Ukiweka mayai ya kila kuku kwa trei yake, trei moja ikianguka, kuku mmoja amepoteza yote. Lakini ukiyachanganya, kila trei iwe na yai la kila kuku, trei ikianguka kila kuku amepoteza moja tu. Na hilo moja mtambo unajua kulirudisha kwa hesabu."

"Basi changanya tu."

"Ukichanganya, lazima ungoje trei zote kumi zifike ndipo umkabidhi mtu mayai yake. Unangoja."

Mayai ni maneno ya watu yanayopita kwenye waya, na trei huangushwa na kelele, yaani umeme wa ovyo unaoingia kwenye waya kutoka nje: cheche za fundi wa kuchomelea vyuma, mota ya kusagia unga, plagi ya pikipiki inayokohoa. Ukichanganya sana, kelele haikudhuru, ila unachelewa. Ukichanganya kidogo, unawahi, ila kelele ikipiga vipande vinapotea. Mtambo ulikuwa na hatua nne za kuchanganya, na kila hatua ilikuwa mara mbili ya iliyotangulia. Katikati hapakuwa na kitu.

Mtu anayetazama mpira hajali kuchelewa sehemu ya sekunde. Waajiri wa Oluoch walijali. Kabla ya kila zamu, programu yao iliipima laini kwa dakika tatu. Uchelewaji kwenda Uingereza na kurudi usizidi milisekunde mia moja na sitini. Vipande vinavyopotea visifike kimoja katika mia. Ukipita, taa ya kijani, mlango unafunguka. Usipopita, taa nyekundu, unafungiwa nje siku hiyo. Ukifungiwa mara tatu katika mwezi mmoja, mkataba unajifuta wenyewe, bila mtu yeyote kukupigia simu. Mwezi mpya ukiingia, hesabu inaanza upya. Laini iliyoandikishwa ilikuwa ile moja ya waya. Ya simu ya mkononi hawakuikubali, na kampuni nyingine ya waya haikuwa imefika kwenye uchochoro wao.

Mvua za Aprili zilipoanza, kelele za Mwihoko ziliongezeka. Oluoch alifungiwa mara ya kwanza kwa kupoteza vipande. Simu za wateja wengine pia zilifurika, na meneja, Kiama, mtu wa Witeithie aliyekuwa na vidonda vya tumbo na moyo mwema, akapandisha mtambo hadi hatua ya nne. Mtaa ukatulia. Kesho yake laini ya Oluoch ilisoma mia moja sitini na nane. Taa nyekundu, mara ya pili.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Hakuwa na zamu tena mpaka Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi.

"Nirudishie hatua ya tatu," Nafuna alimwambia Kiama. "Inatupa mia moja hamsini na saba. Inatosha."

"Na vipande?"

"Vitatu kwa mia."

"Haiya. Sasa utakuwa umemfungia na kitu ingine." Kiama alipangusa miwani. "Nafuna, mtu akicheleweshwa kidogo hata hajui. Akikatikiwa anajua, na ako na namba yangu. Ni nyumba mia tatu na arobaini. Hii yote ni mambo ya mzee wako tu?"

"Ni ya mzee wangu."

"Woiye." Alivaa miwani tena. "Shusha kelele kwanza. Ukishusha, Jumatatu nakupa ya tatu. Si ya pili. Na zikipanda narudisha ya nne kabla hujaamka kwa hicho kiti."

Alasiri hiyohiyo Nafuna alirudi Mwihoko na mita yake. Katika waya wa namna ile, kelele za nyumba zote hutiririka kurudi kwenye bomba moja, kwa hiyo nyumba moja mbovu huwaumiza wote, na namna ya kuipata ni kusimama kwenye sanduku la nguzo ukichomoa nyumba moja baada ya nyingine huku ukitazama mshale. Alichomoa. Kwenye ploti moja ya vyumba kumi na viwili mshale ulianguka. Akaingia uani, akainua macho, na akaelewa kabla hajagusa chochote.

Juu ya ua kulikuwa na kamba nyeusi ya kuanikia nguo, imebeba mablanketi mawili. Ncha moja iliingia dirisha la huku. Ncha nyingine iliingia dirisha la kule.

Kamba hiyo aliileta yeye.

Kebo ikivutwa hubaki vipande vya mita kumi, kumi na tano, ambavyo kampuni hutupa. Ni ile yenye waya wa chuma ubavuni, haishiki kutu, hailegei chini ya blanketi lililolowa, haichafui shati jeupe. Mwaka wa ajali ile alimpa Waceke kipande kimoja, jirani yake wa mlango kwa mlango, mwanamke wa Murang'a aliyemsaidia kumgeuza Oluoch kitandani miezi ile ya kwanza ambapo Nafuna hakuweza peke yake. Wanawake wa ploti nyingine waliiona kamba ya Waceke, wakaomba. Nafuna hakujua kunyima. Alibeba vipande mabegani kutoka Thika, akapanda, akakaza, akanywa chai. Upande ule wa Mwihoko ziliitwa kamba za Nafuna, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chochote ambacho kampuni ingempa.

Kisha watu wakafikiri. Waya wa televisheni unaning'inia hapa hapa, umefika hadi mlango wa jirani; ya nini kununua mwingine? Wakaingiza ncha moja kwenye spilita, kile kidude cha kugawa laini, kwa aliyelipia, na ncha nyingine kwa asiyelipia. Palipokuwa pafupi waliunga kwa mkono, wakafunga na karatasi ya pakiti ya maziwa. Hakuna aliyedhani anaiba, ilikuwa kamba ya nguo. Na sasa kila ua ulikuwa na waya uliochunwa ukining'inia hewani, ukinywa maji ya mvua na cheche za dunia nzima, na kuzituma Thika.

Alihesabu ploti thelathini na moja.

Ijumaa alianza kukata. Kwanza alijaribu kuchomoa ncha tu, lakini aliporudi baada ya saa moja watu walikuwa wamezirudisha. Basi akawa anakata na kubeba, na badala yake anaacha kamba ya katani. Katani hulegea. Ikilowa inatoa rangi ya kahawia. Wanawake walijua hilo kabla hajaifungua.

"Si ni wewe uliileta?" alimuuliza mama mmoja Jumamosi, akiwa ameshika beseni kiunoni. "Ulikuja hapa ukicheka, nikakupikia chai na mandazi. Leo umekuja na makasi."

"Kampuni imekataza, mama."

"Kampuni inaanika wapi? Hebu ituonyeshe."

Wengine wakacheka. Mtu alisema kutoka chumbani kwamba Nafuna amepandishwa cheo, sasa ni askari wa kanjo, wa baraza la mji. Yeye alikunja waya begani akatoka. Angeweza kuwaambia. Maneno yalikuwa mafupi: hizi kamba zinamnyang'anya mume wangu kazi. Lakini Oluoch alikuwa amemwapisha asimwambie mtu wa mtaani habari za kufungiwa, maana alishakuwa mtu wa kuhurumiwa miaka minne na hakutaka kurudi huko. Na Nafuna mwenyewe alikuwa na aibu. Angesimamaje uani kwa watu aseme kosa hili lote nimelishona kwa mkono wangu?

Kwa Waceke hakukata. Aliichomoa kamba, ya kwanza kabisa katika mtaa, akaizungusha vizuri na kuiweka chini ya ngazi.

"Na hii nayo?" Waceke aliuliza.

"Ni mambo ya kazi. Iache hapo kwanza, nitakuambia."

"Sawa mami. Si ni yako."

Ilikuwa kamba moja, ya mtu mmoja aliyemwamini. Hakuweza kuitia makasi.

Jumapili jioni alikuwa ameondoa ishirini na saba. Ploti tatu zilikuwa na mageti yaliyofungwa, na moja mwenyewe alitoa mbwa. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na mtaa ambao zamani haukumwacha apite bila kuitwa chai ulimwangalia akipita. Lakini mita ilionyesha kile alichokitaka.

Jumatatu mvua ilikatika. Jua lilitoka tangu saa mbili, jua kali la baada ya wiki ya matope, na Mwihoko nzima ikatoa mabeseni nje. Nafuna alikuwa ameshafika Thika.

"Umeweza," Kiama alisema akitazama kioo cha mtambo. Mstari wa Mwihoko, uliokuwa ukiruka kama homa, ulikuwa umelala. "Sikudhani utaweza. Haya, chukua ya tatu."

Ilipofika saa sita kasoro dakika ishirini alishusha hatua. Modemu zote mia tatu na arobaini zilizima, zikahema, zikawaka. Akampigia Oluoch, akaweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza.

"Jaribu ile ya mazoezi."

Programu iliruhusu kipimo kimoja cha mazoezi ambacho hakihesabiwi. Walingoja dakika tatu. Nafuna alisikia kiti kikigonga meza huko Mwihoko.

"Mia moja hamsini na saba," Oluoch alisema. "Vipande, sifuri nukta saba. Kijani." Kisha akatumia ile sauti ya harusini, ya chini, iliyojaa kifua. "Mabibi na mabwana, naomba mkae. Keki inaingia."

Nafuna alicheka mpaka akajifuta macho. Kiama alimgonga begani, akatoka kwenda kutafuta chai.

Saa sita kasoro dakika nane Oluoch alianza kipimo chenyewe. Kilikuwa kimoja tu, hakirudiwi. Kwenye kioo cha Thika mstari ulikuwa bado umelala. Dakika ya kwanza ikapita hivyo. Kisha ukainuka. Ulianza kama mkunjo kwenye shuka, ukasimama, ukaanza kuruka.

"Baba Cindy, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Kuna jua."

"Kuna mtu anachomelea?"

"Huyo yuko kila siku. Sifuri nukta nane sasa."

"Nje kuna nini? Angalia dirishani."

Magurudumu yalikwaruza sakafu. "Waceke ameanika nguo."

"Ameanika wapi?"

"Pale pa siku zote. Ni mashati yangu, Mama Cindy. Ameosha yote, hata ya zamani. Alikuja kuyachukua asubuhi ukishatoka, akasema wiki nzima yamenuka unyevu na leo nina siku kubwa. Sijui alijuaje. Pengine alinisikia nikiiombea Jumapili kanisani." Halafu sauti yake ikabadilika. "Ni ile kamba."

Waceke hakutaka kuweka mashati meupe kwenye katani. Alikwenda chini ya ngazi, akaitoa kamba ya rafiki yake, akaipitisha kwenye matundu yake ya zamani, na ili isilegee akaikaza ncha pale ilipokuwa imekazwa miaka yote, kwenye spilita ya chumbani kwake. Kwake yeye ile ilikuwa skrubu ya kushikilia kamba.

Nafuna alikuwa na mkono juu ya kibodi. Akipanda hatua ya nne vipande vitaokoka, na uchelewaji utavuka mia moja na sitini. Akishuka ya pili uchelewaji utapungua na vipande vitamwagika. Na akigusa chochote sasa, modemu zote zitazima kwa sekunde ishirini, na sekunde ishirini za kuzima ndani ya kipimo ni mwisho. Kitu pekee alichoweza kufanya na mtambo wake ni kutoufanya kitu.

"Mwite Waceke aitoe," alisema.

Oluoch aliita. Ilikuwa sauti yake yote, na hata kwenye simu ndogo Nafuna aliisikia ikigonga kuta za ua. Akasikia malapa yakikimbia.

"Ni nini, Baba Cindy?"

"Toa kamba. Toa sasa hivi."

"Nitoe nguo?"

"Kamba, mama. Hiyo kamba."

"Sawa, sawa, ngoja nitoe hizi kwanza, zitaanguka kwa matope."

"Wachana nazo zianguke."

"Na ziko nyeupe hivi? Dakika moja tu, Baba Cindy. Hizi vibanio nazo."

Nafuna alisikia vibanio vikidondoka kwenye beseni. Kimoja. Viwili. Alijua namna Waceke alivyotoa nguo, akikunja kila moja juu ya mkono, kola ndani. Kwenye kioo mstari uliendelea kuruka. Alitaka kupiga kelele kwenye simu, na hakupiga, kwa sababu Waceke angeshtuka, angeuliza, na kuuliza nako ni sekunde.

"Tisa," Oluoch alisema. Baadaye, "Bado tisa." Vibanio vikaendelea. "Moja kamili."

Mstari ulianguka ghafla, ukalala. Waceke alikuwa amechomoa. Nafuna akaangalia saa ya mtambo, na dakika tatu zilikuwa zimepita kwa sekunde kumi na moja.

"Moja nukta moja," alisema Oluoch. "Wamenishukuru. Wameandika, asante Oliver kwa muda wako na sisi."

Kisha akasikia sauti ya Waceke, karibu sasa, mlangoni, ikihema. "Baba Cindy, nimekuharibia kitu?"

Nafuna alishika ukingo wa meza.

"Hapana," Oluoch alijibu. Ilikuwa ile sauti ya kuwaaga watu waliopanda teksi. "Nilikuwa na mtihani, umeisha. Asante kwa mashati. Yametakata."

"Si niyarudishe juani basi? Bado yana maji."

"Rudisha tu," alisema. "Weka hata kwa hiyo kamba. Haina shida tena." Kisha, kwa simu, taratibu: "Mama Cindy, usije ukamwambia. Umenisikia? Hata siku moja."

"Nimesikia."

Kiama aliporudi na vikombe viwili alimwona ameketi vilevile, akatazama kioo, akaona mstari umeanza kuinuka tena. Alinyoosha mkono juu ya bega lake, akarudisha hatua ya nne. Modemu zikazima, zikahema, zikawaka. Wiki hiyo hakuna mtu hata mmoja wa Mwihoko aliyepiga simu kulalamika, na katika kikao cha Ijumaa Kiama aliisoma sifuri hiyo kwa sauti, akamtaja Nafuna kwa jina. Aliombwa afanye hivyohivyo Witeithie.

Maombi mapya ya kazi Oluoch hakuyatuma. Nafuna alimfungulia fomu mara mbili, na mara mbili alikuta imefungwa. Kamba ya Waceke ilibaki juu. Kwenye ploti nyingine waya mweusi ulianza kuonekana tena, sijui walikuwa wanautoa wapi, na Nafuna alipita chini yake bila kuinua macho.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho yake ya kipimo, yaani Jumanne, Nafuna aliomba ruhusa akabaki nyumbani. Alipika mapema, akampakulia mumewe. Oluoch alikuwa kwenye kiti dirishani, bila tai, kidevu hakijanyolewa, ameelekea uani ambako mashati sita yaliyokwisha kukauka yalikuwa bado hayajaanuliwa. Chakula kilipoa. Nafuna alisema jambo kuhusu Cindy, kwamba shule zinafungwa wiki ijayo, naye akaendelea kutazama mashati.

Saa saba na robo Oluoch aliitazama saa ya ukutani.

"Anapiga sasa hivi," alisema.

Nafuna alijua ni yule bibi wa kila Jumanne. Aliondoa sahani, akaifunika, akakaa kando yake, na wote wawili wakatazama ukuta.